Ini Jipya la Kinyozi

Shuleni, 6 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri na miguu imepungua kuvimba. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua. Naandikia maktabani, kwenye meza ya nyuma ambayo hakuna anayeipenda kwa sababu mguu wake mmoja ni mfupi.

Shangazi alipokuja kunitembelea aliniambia kwamba hospitali inatafuta wagonjwa wa ini wa kujiunga na utafiti, na kwamba wewe umesema utafikiria. Baba, naijua hiyo "nitafikiria" yako. Ulisema hivyo kuhusu kiti cha dukani, na mpaka leo kimefungwa kamba. Kwa hiyo nimekusomea mimi.

Ini lako limejaa makovu kwa sababu ya pombe. Samahani kuliandika hivyo, lakini ndivyo gazeti la sayansi linavyosema. Kovu haliwezi kufanya kazi ya ini. Sasa, ndani ya mifupa, kwenye uboho, kuna seli zinazoitwa seli shina. Hizo bado hazijaamua zitakuwa nini, ni kama sisi wanafunzi tukiulizwa tutafanya kazi gani. Madaktari wanakuchoma sindano ili zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu, mashine inazichuja, kisha unarudishiwa ili zisaidie ini kujijenga. Ni zako mwenyewe. Hakuna mtu anayekatwa kitu.

Wanachukua tu watu walioacha pombe, na wewe umeacha tangu siku ile uliyotapika damu dukani. Tafadhali kubali. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa.

Binti yako,
Kinoo


Nyumbani, 19 Februari

Marahaba Kinoo changu,

Barua yako ilifika imefunguliwa. Mkasi anasema ilifunguka yenyewe. Unamjua mwenzangu: tangu tuanze kunyoa chumba kimoja, kila karatasi inayopita mlangoni lazima aisome kwa sauti ili wateja wasisinzie. Kwa hiyo ujue kwamba wanaume wenye povu kidevuni wamesikia habari za uboho wangu. Mmoja aliuliza kama hizo seli zinaotesha nywele.

Nimekwenda. Daktari ni mwanamke kijana, nywele kazikata fupi na kisogoni kuna ngazi. Aliyemnyoa alikuwa na haraka. Nilijizuia kusema. Aliniambia ninyooshe mikono mbele kama askari anayesimamisha magari. Nikanyoosha, ikapepea. Akaandika. Basi nikaelewa kwa nini watu wanapanga foleni kwa Mkasi wakati kiti changu kiko wazi. Tangu nilipomkata sikio yule mzee wa duka la vipuri, wanaokaa kwenye kiti changu ni magazeti tu.

Kuna jambo ambalo hukuniandikia. Hawampi kila mtu. Kompyuta inapiga kura: wengine wanapewa seli, wengine wanaendelea na dawa za kawaida na kupimwa, ili ionekane kama kuna tofauti. Huwezi kubembeleza wala kujuana na mtu. Nimetia sahihi.

Soma. Usihangaike na mimi.

Baba


Shuleni, 3 Machi

Shikamoo Baba,

Nilicheka kuhusu nywele, kisha nikaenda kulia chooni, maana hapo ndipo mahali pekee unapoweza kulia bila kuulizwa.

Nimefikiri sana na nimeamua. Ukichaguliwa kupewa seli, nitakaa hapa nisome mpaka mtihani wa mwisho. Usipochaguliwa, nitaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu nirudi nikuuguze, na mtihani nitaufanya mwaka mwingine. Usiniambie nisijali. Rafiki yangu wa kitanda cha juu alifiwa na baba yake siku ya mtihani wa hisabati. Walimwacha akamaliza, wakakusanya karatasi, ndipo wakamwambia. Tangu siku hiyo hawezi kuona kalamu ya risasi bila kunyamaza. Mimi sitaki kuambiwa hivyo.

Niambie kompyuta imesemaje. Tafadhali, siku hiyo hiyo.

Kinoo


Nyumbani, 21 Machi

Kinoo changu,

Kompyuta imesema ndiyo.

Sindano wanachoma tumboni siku kadhaa mfululizo, na mifupa inauma kama mtu mwenye homa, hasa kiunoni. Halafu wanakukalisha kwenye kiti kikubwa kama changu cha kunyolea, ila hakizunguki. Mpira mmoja mkono huu, mpira mwingine mkono ule. Damu inatoka huku, inazunguka kwenye mashine, inarudi kule. Huruhusiwi kukunja mikono hata kidogo. Sasa, pua ikaanza kuwasha! Haijawahi kuniwasha vile tangu nizaliwe. Ikabidi nimwite muuguzi, "Dada, nisamehe, nikune pua." Akanikuna kwa kifuniko cha peni. Nikaona nimeshapona, mengine yote ni nyongeza.

Baada ya hapo ni kulala na kusubiri. Miguu imepungua kweli. Shangazi anasema macho yamerudi kuwa ya mtu.

Kwa hiyo tumekubaliana. Usirudi. Fungua vitabu.

Baba


Shuleni, 9 Aprili

Shikamoo Baba mdogo Mkasi,

Samahani kukuandikia bila kukuzoea. Mimi si mzungumzaji, ndiyo maana naandika.

Nina ombi. Baba aliniambia kwamba wateja hawakai tena kwenye kiti chake. Najua hatalalamika kwako, kwa hiyo nalalamika mimi. Labda hawajui kwamba amepewa seli shina. Baba mdogo, sasa hivi ana ini jipya, kama la mtoto. Nimelieleza jambo hilo mbele ya klabu ya sayansi, nikawasomea na barua yake ya pua, na sikutetemeka sana. Mwalimu alipiga makofi.

Tafadhali wasomee wateja barua hii kwa sauti, kama kawaida yako. Waambie mtu mwenye ini jipya atendewe kama mzima, si kama mgonjwa. Wakae kwenye kiti chake.

Wako mwenye heshima,
Kinoo


Dukani, 30 Aprili

Mtoto wa kaka,

Marahaba mara mbili! Umeagiza, nimetekeleza. Nilipanda juu ya stuli nikaisoma yote. Baba yako alikuwa anafagia nywele, akasimama na ufagio kama anayepigwa picha. Nikamwambia, "Kaka, mbona ulitukalia kimya? Una ini la mtoto mchanga halafu unajifanya mzee!" Akasema, "Mkasi, acha." Wapi! Ninyi wasomi mnajua kuandika, wanaume wazima walipangusa macho. Fundi baiskeli wa mlango wa pili akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake: "Ninyoe mimi, bwana ini jipya!" Akamnyoa, na masikio yote mawili yakabaki salama.

Tulipofunga, tukasema jambo kama hili haliwezi kupita kavukavu. Chupa zikaja. Alikataa, sikufichi. Akakataa tena. Fundi baiskeli akamwambia, "Au ulimdanganya mtoto? Kama ini ni jipya, glasi moja itakufanya nini? Mwanao mwenyewe kasema tukutendee kama mzima." Baba yako akatutazama mmoja mmoja. Akacheka, akapokea. Tulipiga kelele mpaka jirani wa duka la dawa akaja kuuliza nani kaoa.

Siku ile nilimwona kaka yangu wa zamani. Kwa hiyo wewe tulia, leta cheti.

Baba mdogo,
Mkasi


Hospitali, 24 Mei

Mwanangu,

Naandika kwenye benchi la wodi, karatasi iko gotini, kwa hiyo mwandiko uuvumilie. Mimi sijui kuzungusha maneno.

Baba yako amelazwa. Ile glasi ya akina Mkasi haikuwa moja. Kulikuwa na hiyo, na ya kesho yake, na za siku zilizofuata, kisha akaacha kwenda dukani kabisa. Nilipotoka kazini kupiga pasi nilipita kwake, nikamkuta amekaa mlangoni, tumbo kama ngoma, anajaribu kuvaa shati miguuni. Aliniita Mama. Hakuwa anatania. Mama yetu alikufa wewe hujazaliwa.

Wamemtoa maji tumboni. Wanampa dawa tamu ya kuharisha ili sumu isipande kichwani, na akili inarudi kidogo kidogo. Jana alimwambia daktari kwamba nywele zake za kisogoni hazilingani. Ndipo nikajua kaka yangu yupo.

Sasa kaa chini. Nilimuuliza huyo daktari, "Seli mlizompa zimekwenda wapi?" Akanitazama. Akasema huyu hakupewa seli. Kompyuta ilimweka kwenye kundi la dawa za kawaida, na aliambiwa waziwazi, tangu Machi. Alitudanganya sote, wewe uliye mbali na mimi ninayempikia.

Mkasi analia nje ya wodi kama mjane. Nimemwambia tulie kwa zamu, benchi lenyewe ni moja.

Usirudi kwanza. Anapumua na anakula. Kitu kikibadilika, nitakuandikia mimi, si yeye.

Shangazi yako


Shuleni, 5 Juni

Baba,

Nimeanza barua hii mara nyingi kwa salamu, kila mara nikaikata. Nitakusalimia siku nyingine.

Ulinidanganya mpaka pua. Ningeelewa kama ungesema tu "ndiyo, nimepewa". Lakini wewe ulikaa ukaandika jinsi ilivyowasha, na kifuniko cha peni, na maneno uliyomwambia muuguzi. Niliisoma hiyo barua mbele ya watu. Mimi, ambaye hata nikiitwa kwenye mahudhurio sauti haitoki. Walicheka mahali penyewe pa kucheka, na nilijisikia nina baba kuliko mtu yeyote mle ndani. Sasa kila siku wasichana wananiuliza, "Baba yako mwenye ini jipya hajambo?" Nasema hajambo. Kwa hiyo na mimi ni mwongo.

Nina swali moja na nataka jibu bila utani. Mkasi hakujua kwamba huna ini jipya. Fundi baiskeli hakujua. Mimi sikujua. Wewe ulijua. Kwa nini ulikunywa?

Sijaamua kama narudi.

Mwanao


Kwa Shangazi, 12 Julai

Kinoo changu,

Wameniruhusu. Nakaa kwa Shangazi, kwenye chumba cha mashuka ya watu yanayosubiri pasi, kwa hiyo nalala kama mgeni wa hoteli ambaye hajafunguliwa mlango. Nimechelewa kukujibu kwa sababu herufi zilikuwa zinanikimbia. Hata sasa naandika maneno machache, napumzika.

Pua ilikuwa ya dereva. Dereva wa lori, tulikutana siku ya kupimwa. Yeye kompyuta ilimchukua. Alinisimulia yote, tukacheka mpaka tukafukuzwa kwenye korido, nikaona ni habari nzuri ya kukupa. Habari yangu mimi ilikuwa hivi: karibu, kaa, toa damu, meza vidonge, usinywe, rudi mwezi ujao. Ningekuandikia hiyo, ungefunga sanduku lako siku ile ile. Ulisema mwenyewe.

Sasa swali lako. Ndiyo, nilijua.

Tangu ile damu sikuwa nimegusa pombe. Hakuna seli iliyonisaidia. Nilikuwa mimi na kiu yangu, kila asubuhi, kuanzia ninapofungua duka mpaka ninapofunga. Na sikuweza kumwambia mtu kwamba ni kazi, kwa sababu kwako wewe seli ndizo zilizokuwa zinafanya kazi. Halafu Mkasi aliposoma barua yako, wote wakaniangalia vile. Muda mrefu sana hakuna aliyeniangalia vile. Huwa wananiangalia kama kitu kitakachoanguka wakati wowote. Fundi baiskeli alikuwa amekaa kwenye kiti changu, shingo wazi, hana wasiwasi. Nikaona nikikataa lazima niseme kwa nini, na nikisema kwa nini, hatakaa tena.

Nimechoka kuwa mgonjwa, Kinoo. Hiyo ndiyo sababu. Si nzuri, lakini sina nyingine.

Mkasi usimlaumu. Barua yako pia usiilaumu. Mkono uliopokea glasi ni huu unaoandika.

Baba


Kwa Shangazi, 15 Septemba

Kinoo,

Hujajibu, na una haki. Naandika kwa sababu kuna habari sitaki uipate kwa mtu mwingine.

Daktari alituita wote wa utafiti, waliopewa na tuliokosa. Tulijipanga kwenye mabenchi, macho ya njano kwa macho ya njano. Alisimama mbele na karatasi mkononi lakini hakuisoma. Alisema wamelinganisha, na waliopewa seli hawakupata nafuu kuliko sisi. Labda zikitolewa kwa namna nyingine. Labda zikitolewa mapema, kabla makovu hayajajaa. Wenzao wengine bado wanatafuta, na yeye hatakata tamaa. Lakini kwa sisi tuliokaa pale, hapana. Akatuomba radhi. Niliona haya kwa niaba yake, mtu kasoma miaka yote ile halafu anaomba radhi kwa walevi.

Mahali pa dereva alikaa mkewe. Dereva alikufa mwezi uliopita. Mama wa watu alikuja kusikiliza tu. Tulipokuwa tukitoka akaniuliza nilikuwa kundi gani, nikamwambia. Akasema, "Kumbe," akafunga mkoba wake, akaenda zake. Nilitaka kumwambia habari ya pua, nikashindwa.

Kwa hiyo nilikudanganya kuhusu kitu ambacho hata ningepewa kisingeniponya. Sijui nicheke au nifanye nini.

Nilimuuliza daktari hali yangu mimi. Haya ni maneno yake, sijapunguza: ini halitarudi kuwa zima. Nikinywa tena, hatanipangia miezi. Nisipokunywa, huenda nikauona mwaka ujao, huenda nikauvuka. Hajui. Sijanywa tangu wodini. Shahidi wangu ni Shangazi, ambaye hunusa mdomo wangu kama mbwa wa polisi kabla hajanipa chai.

Hata kama hunijibu, fanya mtihani.

Baba


Shuleni, 4 Oktoba

Shikamoo Baba,

Nimezisoma barua zako zote mbili kwenye ile meza ya mguu mfupi. Nilikuwa nimekukasirikia sana. Bado nimekukasirikia, lakini sasa hivi nimechoka, na nikichoka naweza kuandika.

Lile gazeti la sayansi lilikuwa na ukurasa wa mwisho. Ulisema kwamba tiba hii bado inajaribiwa, kwamba si kila mgonjwa atapewa, na kwamba hakuna anayejua kama inafanya kazi. Niliusoma. Sikukuandikia, kwa sababu nilitaka ukubali. Kisha nikaamua kuusahau, na nikausahau kweli. Nilipomwandikia Baba mdogo kwamba una ini kama la mtoto, hakuna daktari wala gazeti lililoniambia hivyo. Nilitunga mimi.

Nilikwenda kumwambia mwalimu wa sayansi. Nilidhani ataniambia yaishe. Akasema niwaambie wenzangu mwenyewe. Basi nikasimama, na safari hii nilitetemeka mpaka karatasi ikapiga kelele. Nilipomaliza, msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Sasa ile nafuu ya mwanzo ilitoka wapi, kama hakupewa kitu?" Nikajibu kwamba ilitoka kwenye kutokunywa. Nilikuwa sijalifikiria mpaka niliposikia sauti yangu inalisema. Miguu yako ilipungua kweli, Baba. Hilo hukunidanganya. Na hakuna aliyekupigia makofi kwa hilo, hata mimi.

Sitarudi kabla ya mtihani. Nikija sasa nitakuwa nimekuja kukuaga, na wewe bado una nguvu za kuniandikia kurasa mbili.

Tunafunga Ijumaa ya mwisho ya Novemba. Basi la shule litatushusha stendi mchana. Usimtume Baba mdogo. Usimtume Shangazi. Ukiweza kuja, njoo wewe. Usipoweza, niandikie kwamba huwezi. Usiandike kwamba una wateja wengi.

Kinoo


Kwa Shangazi, 10 Novemba

Marahaba Kinoo changu,

Wateja sina. Juzi wamenitoa maji tena, na suruali inashikiliwa na mkanda wa Mkasi, ambao nao umeongezwa tundu. Rangi yangu usishtuke nayo.

Nitakuja. Nimemuuliza daktari, amesema naweza. Shangazi atanisindikiza mpaka getini, halafu ataondoka. Tumekubaliana hivyo, ingawa najua atajificha mahali.

Pale stendi wazazi husimama wote kwenye uzio, wanapunga mikono na kuita majina. Ukishuka usinitafute kwa hao. Siku hizi siwezi kusimama muda mrefu. Pita, angalia kwenye mabenchi ya nyuma. Nitakuwa nimekaa.

Baba